AC kwenye kampa ya familia: hesabu usiku wa joto kabla ya kutuma pesa

Ukinunua vani ya kugeuza kuwa kampa ya familia, kuna swali litakalokufuata kutoka gereji hadi kwenye grupu ya WhatsApp ya ukoo: "Na AC mtaweka?" Fundi atasema weka tu mkubwa, utanishukuru. Shemeji atasema hizo ni anasa, watu walilala Mombasa bila AC tangu zamani. Watoto nao watapiga kura ya ndiyo kabla hujataja bei.

Kila mmoja wao ana sababu yake. Lakini hakuna hata mmoja anayelipa. Anayelipa ni wewe, na pesa hizo zinatoka kwenye pochi ile ile inayosubiri karo ya Januari, kodi ya nyumba na bima ya hilo gari lenyewe. Ndiyo maana leo tunaifungua hesabu hii polepole. Hatuuzi AC na hatuna kampa ya kukukodishia. Tunachotaka ni pesa yako ikitoka kwenye simu, iwe imeenda mahali ulipopaona vizuri.

Jibu kwa ufupi: familia nyingi zinazosafiri wakati wa likizo za shule hazihitaji kuanza na AC ya paa. Zianze na AC ya dashibodi inayofanya kazi, feni nzuri na wavu wa mbu, kisha zihesabu usiku wa joto kwa msimu mmoja. Kuna familia ambazo AC ni lazima, na tutazitaja. Twende hatua kwa hatua.

Kwanza, unazungumzia AC gani?

Watu wawili wanaweza kubishana saa nzima kuhusu AC kumbe kila mmoja ana yake kichwani. Kwenye kampa kuna AC za aina tatu, na bei zake haziko karibu kabisa.

Ya kwanza ni AC ya dashibodi, ile iliyokuja na gari. Kompresa yake inazungushwa na mkanda wa injini, kwa hivyo injini ikizimwa, baridi nayo imeisha. Hii ndiyo utakayoitumia saa nyingi zaidi. Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480, na ukiongeza malori, vituo vya choo na chakula cha mchana, hiyo ni siku nzima barabarani. Ukipita Mtito Andei ukiteremka kuelekea Voi, joto linakuja kukupokea.

Ya pili ni AC ya paa inayotumia stima ya kawaida ya volti 240. Unafika kambini, unachomeka kebo, unawasha. Bila soketi, hiyo AC ni mzigo wa kilo 30 au 40 juu ya paa.

Ya tatu ni AC ya betri, inayotumia volti 12 au 24, kama zile zinazowekwa kwenye malori ili dereva alale. Inasikika tamu kwa sababu huhitaji soketi. Lakini bei yake haiishii kwenye AC. Lazima ununue betri za kuilisha na njia ya kuzijaza upya kila siku.

Kabla hujafikiria ya pili na ya tatu, rekebisha ya kwanza. Vani nyingi kuukuu zina kitufe cha AC kinachowaka taa bila kutoa baridi. Hapo fundi wa haraka atakuambia, "Ni gesi tu, tuongeze." Elewa hivi: gesi ya AC haitumiki na kuisha kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikiwa imepungua sana, mara nyingi kuna mahali inavuja. Ukiongeza gesi bila kutafuta tundu, umenunua baridi ya wiki chache. Mwambie fundi apime mvujo kwanza, aurekebishe, ndipo ajaze. Angalia pia kama vani yako ina matundu ya AC nyuma. Vani nyingi za mizigo, ambazo ndizo watu hununua kwa bei nafuu kuzigeuza kampa, zina AC ya mbele peke yake. Dereva anapoa huku watoto nyuma wanaiva.

Kenya haina joto moja

Matangazo mengi ya AC za kampa unayoyaona mtandaoni yametengenezwa kwa nchi ambako kiangazi kikiingia, kimeingia kila mahali. Kwetu ni tofauti. Hapa joto la usiku linategemea zaidi umepanda mlima kiasi gani. Kwa kawaida, kila ukipanda mita 1,000, hewa inapoa kwa takriban nyuzi 6 hivi.

Naivasha iko juu ya mita 1,800. Nanyuki iko juu ya mita 1,900, pale pale kwenye miguu ya Mlima Kenya. Ukilala huko ndani ya gari la bati mwezi wa Julai, mtu wa kwanza kuamka usiku ataamka kutafuta blanketi. Hata Nairobi yenyewe, usiku wa Julai huteremka karibu na nyuzi 11 au 12. AC ya paa huko ni pambo.

Mombasa, Diani, Watamu, Malindi na Lamu ni habari nyingine. Kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, usiku hauendi chini sana ya nyuzi 24, na hewa imejaa unyevu. Huo unyevu ndio unaochosha. Mwili hujipoza jasho linapokauka, na pwani jasho linakataa kukauka. Unajigeuza tu kwenye godoro.

Lodwar na sehemu kubwa ya Turkana kuna joto kali pia, lakini la ukavu. Mchana unaweza kufika nyuzi 35 na zaidi, ila jasho hukauka upesi na kitambaa kilicholoweshwa kinafanya kazi ya maana. Ndiyo sababu vipoza hewa vya maji, vile vinavyopitisha upepo kwenye sponji iliyolowa, vinasaidia Turkana lakini Mombasa vinakuongezea unyevu uliokuwa unaukimbia. Ukiona mtu mtandaoni anauza "AC ndogo ya maji" na kuahidi itapoza kampa yako Diani, funga simu.

Katikati kuna sehemu kama Voi. Mchana ni moto, lakini usiku unashuka hadi nyuzi 20 au 21. Feni inatosha, na huenda alfajiri ukaizima.

Kalenda ya shule ina neno

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hulisahau. Familia yenye watoto wa shule haisafiri wakati wowote inapotaka. Inasafiri Aprili, Agosti, na kuanzia Novemba hadi Desemba.

Sasa linganisha na pwani. Miezi yenye joto kali kabisa pwani ni Januari, Februari na Machi. Wakati huo watoto wako wako darasani, muhula wa kwanza. Agosti pwani kuna upepo wa kusi, na usiku huteremka hadi kama nyuzi 20 au 21. Mtu anaweza kulala na shuka. Aprili bado kuna joto na unyevu, lakini mvua za masika huwa zimeanza, na wengi huepuka kupiga kambi kwenye matope. Inabaki Desemba, ambayo kweli ni ya joto.

Kwa maneno mengine, watoto wakiwa shuleni, usiku wenu wa joto la kuhitaji AC uko karibu wote ndani ya wiki moja au mbili za Desemba. Unanunua mashine ya mwaka mzima kwa kazi ya siku hizo. Inaweza kuwa sawa, lakini ni vizuri ujue hivyo mapema.

Tuweke namba mezani

Chukua familia ya mfano: baba, mama na watoto wawili. Bei zifuatazo ni za mfano tu, si bei rasmi za duka lolote. Toa hizi uweke zako.

Mwaka huu wanapanga kulala kwenye kampa usiku 20. Aprili, Naivasha usiku 2 na Nakuru usiku 2. Agosti, Nanyuki usiku 3 na Diani usiku 4. Desemba, Voi usiku 2, mmoja wakishuka na mmoja wakirudi, kisha Watamu usiku 7.

Sasa gawanya. Usiku usiohitaji hata feni: Naivasha, Nakuru na Nanyuki, jumla 7. Usiku ambao feni inatosha: Diani ya Agosti na Voi, jumla 6. Usiku ambao AC ingekuwa na kazi ya kweli: Watamu ya Desemba, 7. Hiyo inafika 20.

Tuseme AC ya paa pamoja na kuifunga ni Sh180,000, na familia itakaa na gari miaka 5. Usiku 7 kwa mwaka mara miaka 5 ni usiku 35. Sh180,000 ukigawa kwa 35 unapata kama Sh5,140 kwa kila usiku. Hapo hujalipa kambi wala ukarabati.

Stima yenyewe haitakuumiza sana. AC ya aina hiyo ikivuta wastani wa kilowati 1, kwa saa 8 ni uniti 8. Kwa mfano wa Sh30 kwa uniti, hiyo ni Sh240 kwa usiku. Kinachokula pesa ni kununua.

Upande wa pili, feni mbili za volti 12, wavu wa madirisha, mapazia ya kuzuia jua na turubai la kivuli, tuseme vyote ni Sh25,000. Vitatumika usiku 13 kwa mwaka, ile 6 ya feni na ile 7 ya Watamu. Kwa miaka 5 ni usiku 65. Unalipa takriban Sh385 kwa usiku.

Kuna njia ya tatu ambayo fundi hatakutajia kwa sababu haimletei kitu: kwa usiku ule mbaya kabisa, lala kwenye chumba chenye AC. Ikiwa chumba cha familia ni Sh6,500 na kambi ni Sh2,000, tofauti ni Sh4,500. Gawa Sh180,000 kwa Sh4,500 na unapata 40. Hiyo ndiyo namba ya kukumbuka. AC ya paa inaanza kujilipa baada ya usiku 40 ambao ungelazimika kukodi chumba. Familia yetu ya mfano itafika 35 kwa miaka 5, na hiyo ni kama kila usiku wa Watamu ungewashinda kabisa hata mkiwa na feni. Kwa hivyo kwao jibu ni hapana, ingawa si kwa umbali mkubwa.

Badilisha namba moja uone. Familia inayokaa Mombasa au Kilifi na kutoka kila wikendi ya pili ufukweni inaweza kufikisha usiku 40 wa joto ndani ya mwaka mmoja tu. Kwa miaka 5 ni usiku 200, na AC ile ile inawagharimu Sh900 kwa usiku. Hao wanunue wala wasiombe ruhusa.

Kumbuka pia kwamba ukiuza gari, AC nzuri inaweza kukurudishia kiasi fulani. Usiiweke kwenye hesabu kama pesa ya uhakika. Ichukue kama bahati ikija.

Stima itatoka wapi?

Swali hili liulizwe kabla ya bei. Piga simu kwenye kambi mnazopenda na uulize mambo matatu: kuna soketi karibu na mahali pa kuegesha? Inakubali AC? Ni pesa ngapi zaidi? Kambi nyingi nzuri za kwetu, hasa zile za mbugani, ni nyasi, moto na nyota. Soketi iko baa.

Soketi ya kawaida ya Kenya hutoa hadi ampea 13, ambayo kwa volti 240 ni takriban wati 3,100. AC ya paa inayovuta wati 1,500 itakaa hapo vizuri. Ukiongeza birika la wati 2,000 kwa wakati mmoja, umepita kiwango. Kebo nayo isiwe ile nyembamba ya kuchajia simu sebuleni. Nunua nene, na uikunjue yote kutoka kwenye gurudumu lake, maana kebo iliyoviringwa huku inapitisha mzigo mkubwa hupata moto.

Kwa wanaowaza AC ya betri, hesabu ni hii. Tuseme inavuta wastani wa wati 400. Kwa saa 8 za usingizi ni wati-saa 3,200. Betri moja ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100, inahifadhi kama wati-saa 1,280. Unahitaji tatu, na ukitumia betri za asidi za kawaida unahitaji nyingi zaidi, kwa sababu hizo hazipendi kushushwa chini ya nusu. Halafu kesho zijazwe. Paneli za sola za wati 400, ambazo tayari zimejaza sehemu kubwa ya paa, zikipata saa 5 za jua kali hutoa wati-saa 2,000 hivi kabla ya upotevu wa njiani. Unazidi kurudi nyuma kila siku, na friji bado haijala.

Feni ya wati 25 kwa saa hizo hizo 8 inatumia wati-saa 200. Mbili ni 400. Betri moja inazibeba zote hadi asubuhi na inabaki na nguvu ya taa na kuchaji simu.

Usilale injini ikinguruma

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu hili si la pesa.

Kuna watu hufikiri AC ya dashibodi inaweza kufanya kazi ya usiku: acha injini, funga vioo, laleni. Usifanye hivyo. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaweza kuingia kupitia tundu dogo la sakafu au mlango wa nyuma usiofunga vizuri, na aliyelala haamki kuikwepa. Jenereta ya petroli iliyowekwa karibu na dirisha ina hatari hiyo hiyo. Na hata ukiweka hatari kando, injini iliyosimama ikiendesha AC inaweza kula lita moja ya mafuta au zaidi kwa saa. Ni mafuta ya safari nyingine hayo.

Ukiwa na kampa yoyote, yenye AC au isiyo nayo, nunua king'ora cha kaboni monoksidi na ukifunge karibu na vitanda.

Jambo la pili: usimwache mtoto ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kama ni dakika kumi za kuingia dukani. Ndani ya dakika hizo kumi joto la ndani linaweza kupanda kwa nyuzi 10, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Ukishuka, shukeni wote.

Jaribu vya bei nafuu kwanza, lakini uvijaribu vizuri

Watu husema "feni haisaidii" baada ya kuning'iniza feni moja ndani ya bati lililofungwa vioo. Hiyo feni inazungusha joto lile lile. Kila mtu aliyelala hutoa joto la kama wati 70, kwa hivyo familia ya watu wanne ni sawa na kulala na pasi ndogo iliyowashwa. Hilo joto linahitaji mlango wa kutokea.

Fanya hivi. Feni moja ivute hewa ya nje kutoka upande wa kivuli, nyingine itoe hewa ya ndani juu au upande wa pili. Madirisha yawe na wavu wa mbu uliobana, kwa sababu pwani na kando ya Ziwa Victoria malaria si hadithi. Bila wavu utafunga vioo, na ukishafunga vioo ndipo unaanza kuitamani AC. Wavu ukifungwa imara kwa ndani, na vioo vikaachwa wazi kidogo tu, hata wasiwasi wa mkono kuingia usiku unapungua.

Zuia jua kabla halijaingia. Pazia linalong'aa kwa nje ya kioo cha mbele linasaidia kuliko la ndani. Tabaka la kuzuia joto lililobandikwa chini ya paa wakati wa kujenga kampa linasaidia kila siku, hata siku mkienda kwenye baridi. Pika nje. Egesha chini ya mti, ila si chini ya mnazi wenye nazi. Waulize wenyeji upepo wa usiku unatoka wapi, halafu elekeza mlango wa pembeni huko.

Feni ina kikomo chake. Hewa ikishapita joto la mwili, nyuzi 37, feni inakupulizia moto. Kwa usiku wa pwani hatufiki huko. Kwa mchana wa Lodwar tunafika.

Wakati ambapo usihesabu shilingi peke yake

Kuna familia ambazo ule mgawanyo wa hapo juu hauziamulii. Mkiwa na mtoto mchanga, mzee, au mtu mwenye ugonjwa wa moyo, pumu au hali nyingine ambayo joto huizidisha, usiku mmoja mbaya unaweza kuishia hospitali. Zungumza na daktari wake kabla ya safari. Jibu linaweza kuwa AC, linaweza kuwa chumba, linaweza kuwa kwenda Nanyuki badala ya Malindi mwaka huu. Yote matatu ni majibu mazuri.

Wengine ambao AC inawafaa: wanaoishi pwani, wanaofanya kazi kwenye laptopu ndani ya kampa mchana kutwa, na wanaokodisha kampa yao kwa wageni. Mgeni aliyelipa hataki kusikia habari za kusi na kaskazi.

Ukiamua kununua, lipa kwa utaratibu

Anza na akiba, si mkopo. Fungua lengo la akiba kwenye simu yako, ulipe jina, na uweke kiasi kile kile kila mwezi. Sh10,000 kwa mwezi ni miezi 18 kufikia Sh180,000. Ni mingi, ndiyo. Lakini ndani ya miezi hiyo utakuwa umesafiri na feni zako Desemba moja au mbili na utajua kama bado unaitaka. Ukigundua huitaki, pesa iko.

Mkopo wa siku 30 kwenye simu umetengenezwa kwa dharura fupi. Tuseme umekopa Sh50,000 kwa ada ya asilimia 8 na ukawa unaisogeza mbele kwa miezi 6. Ada peke yake ni Sh24,000. Karibu umenunua ile seti nzima ya feni, wavu na turubai, na huna hata skrubu moja ya kuonyesha.

Kabla paa halijatobolewa, uliza NTSA kuhusu ukaguzi na mabadiliko kwenye logibuku, kisha uijulishe kampuni yako ya bima. Gari lililobadilishwa bila bima kujua linaweza kukuletea maneno siku ya ajali. Pima pia urefu mpya wa gari. Kuna maegesho ya chini ya ardhi ambayo hutaingia tena.

Ukilipa fundi au duka, gawa malipo mara tatu: sehemu ya vifaa, sehemu ya kufunga, na sehemu ya mwisho baada ya majaribio. Lipa kwenye namba ya biashara, na usome jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Kama jina si la duka ulilokubaliana nalo, simama hapo hapo. Muuzaji wa mtandaoni anayetaka malipo yote kwanza kwa namba ya binafsi kwa sababu "kuna mteja mwingine njiani" mwache aende na huyo mteja. Omba risiti yenye namba ya mashine na muda wa waranti, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Na hakuna mfanyakazi wetu atakayekupigia kukuomba PIN, hata kama anajua jina lako na la fundi wako.

Majaribio ya mwisho yafanyike mchana, gari likiwa juani, milango imefungwa, AC ikifanya kazi saa nzima. Chukua kipimajoto cha kawaida. Hewa inayotoka kwenye AC iwe baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 12. Mwaga maji juu ya paa uangalie kama yanavuja ndani. Ukiridhika, hapo ndipo unatuma ile sehemu ya tatu.

Wikendi hii, kabla ya kumpigia fundi yeyote, chukua kalenda na mwenzako mkae dakika kumi. Andikeni kila usiku mnaotarajia kulala kwenye kampa mwaka ujao, na mbele ya kila mmoja muweke alama: blanketi, feni, au AC. Hesabuni alama za AC, mzidishe kwa miaka mtakayokaa na gari, kisha mgawe bei mliyopewa kwa hiyo namba. Mkipata bei ya usiku mmoja, mwonyesheni na shemeji.